Je, Gegedu la Goti Lililoharibika Huota Tena?

Wagonjwa ninaowahudumia katika chumba cha fiziotherapia hapa Dar es Salaam wananijia mara kwa mara na swali lilelile: je, ni kweli kwamba siku hizi gegedu la goti lililosagika linaoteshwa upya kwa sindano ya seli? Wengi wamelitoa kwenye video fupi za simu, zinazomwonyesha mtu aliyekuwa akichechemea sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta, na mwishoni inatokea namba ya kupiga. Anayeuliza anaweza kuwa mama wa makamo aliyeshauriwa kuwekewa goti bandia na anaogopa kisu, au kijana wa mpira ambaye kipimo cha MRI, picha inayoonyesha ndani ya kiungo, kimeonyesha shimo kwenye gegedu la goti moja baada ya kuumia uwanjani. Swali lao ni moja, lakini magoti yao hayafanani hata kidogo, na jibu lililo kweli kwa yule kijana huwa uongo likipelekwa kwa mama. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu nusu saa ya mazoezi haitoshi kulieleza, na kwa sababu fedha zinazotolewa kwa matumaini haya ni nyingi, pengine ni za kiwanja kilichouzwa au za mchango wa ukoo mzima.

Anayetaka kuliona gegedu kwa macho yake aende buchani asubuhi, kabla mguu wa ng'ombe au wa mbuzi haujapasuliwa, aombe kiungo kimoja kifunguliwe. Ataona kwamba ncha ya mfupa imevikwa kitu cheupe chenye usamawati kwa mbali, kinachong'aa, na akipitisha kidole juu yake kidole kinateleza bila kukwama popote. Hilo ndilo gegedu. Kwenye goti la mtu mzima unene wake katika sehemu nyingi ni milimita 2 hadi 4 tu, na zaidi ya nusu ya uzito wake, kati ya asilimia 65 na 80, ni maji. Maji hayo hayamwagiki kwa sababu yameshikwa na protini zinazoyavuta, nazo protini zimefungwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni. Mtu akikanyaga, maji hubanwa na kusukumwa, na akiinua mguu hurejea mahali pake. Seli zinazoutunza wavu huo, zinazoitwa kondrosaiti, ni chache mno, asilimia chache tu ya ujazo wote, na kila moja inaishi peke yake katika kijumba chake bila kuweza kwenda kumsaidia jirani aliyeumia. (Watu wengi hulichanganya gegedu hili na meniskasi, vile vipande viwili vyenye umbo la hilali vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na muundi. Meniskasi ni habari nyingine, yenye matibabu yake, ingawa iliyochanika au kuondolewa huliharakisha gegedu kuharibika.)

Mambo mawili kuhusu gegedu hili ndiyo msingi wa yote nitakayoyasema. La kwanza ni kwamba halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatika, damu huja na vifaa vyote vya ukarabati, pakaganda, pakapona, likabaki kovu. Gegedu likichimbika halitoi damu, kwa hiyo hakuna kinachoanza. La pili, ambalo husahaulika hata na waliosoma, ni kwamba halina neva. Gegedu lenyewe haliumi. Maumivu ya goti hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa ndani wa kiungo uliovimba, kwenye kano na misuli iliyochoka. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na shimo kubwa asijue, na mwingine mwenye picha nzuri akalala akigumia. Na ndiyo maana maumivu yanaweza kupungua sana bila gegedu kuongezeka hata kidogo. Anayelishika jambo hili la pili tayari amejikinga na nusu ya matangazo yanayozunguka.

Kwamba gegedu halijirudii ni jambo lililojulikana zamani. Daktari William Hunter, Mskoti aliyefanya kazi London, aliliandika mwaka 1743: gegedu likishaharibika halirekebishiki. Lakini uthibitisho ulionigusa zaidi ulitoka Denmark mwaka 2016, na ulitokana na mabomu. Kati ya mwaka 1955 na 1963 majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza hewa ya dunia nzima kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, ikaingia kwenye mimea, ikaliwa na wanyama na watu, kisha kiwango chake kikaanza kushuka taratibu baada ya majaribio ya angani kusitishwa. Sehemu ya mwili inayojijenga upya kila mara hubeba kiwango cha hewa ya leo. Sehemu iliyojengwa mara moja tu hubaki na kiwango cha miaka ilipojengwa. Watafiti wa Denmark walichukua gegedu la magoti ya watu waliozaliwa miaka mbalimbali, wakapima, wakakuta kwamba kolajeni yake ni ileile ya utotoni na ujanani. Baada ya mtu kukoma kukua, wavu huo haubadilishwi tena kwa kiasi cha kuonekana, hata goti likiwa gonjwa. Kwa hiyo anayedai kwamba dawa yake inaamsha tu uwezo wa asili wa gegedu kujiotesha anadai jambo kubwa sana, na ni haki kumdai ushahidi wa ukubwa uleule.

Madaktari wa mifupa hawakukaa wakingoja. Kwa kuwa gegedu halina damu na mfupa ulio chini yake unayo, wazo la kwanza lilikuwa kuuchokonoa mfupa ili damu ipande. Kenneth Pridie wa Bristol aliutoboa kwa keekee na kuieleza njia hiyo mwaka 1959. Katika miaka ya 1980 Richard Steadman wa Vail, Marekani, akaiboresha kwa kutumia msumari mwembamba uliopinda, akitoboa vitundu vilivyoachana kwa milimita 3 au 4 kupitia upasuaji wa matundu madogo. Damu na seli za uboho hupanda, zikaganda shimoni, na baada ya miezi kadhaa shimo hujaa. Tatizo ni kile kinacholijaza. Ni tishu yenye nyuzinyuzi, iliyotawaliwa na kolajeni ya aina ya kwanza, ile ya makovu, wakati gegedu halisi hujengwa kwa kolajeni ya aina ya pili. Hufunika mfupa, na kwa mashimo madogo huleta nafuu ya kweli, lakini haina ustahimilivu wa ile ya asili, na kwa wengi nafuu hupungua baada ya miaka michache. Huko Budapest, László Hangody alianza mwaka 1992 kutumia njia nyingine: kuchomoa vigingi vidogo vya mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mwingi na kuvipandikiza kwenye shimo. Hapo gegedu ni halisi, ila akiba ya kuchomoa ni ndogo, na kila kigingi huacha jeraha kilikotoka.

Kisha wakaja watu wa Gothenburg, nchini Sweden, na kwangu mimi kazi yao ndiyo mwanzo wa tiba yenyewe ya kuotesha. Lars Peterson na Mats Brittberg, wakishirikiana na Anders Lindahl wa maabara, walimfanyia mgonjwa wa kwanza mwaka 1987. Kazi yenyewe ni ya hatua mbili. Katika upasuaji wa kwanza, kwa kutumia kamera, daktari anakwangua vipande vidogo vya gegedu zima kutoka ukingo wa juu wa mfupa wa paja, mahali pasipobanwa sana mtu anapotembea. Vipande hivyo vinapelekwa maabara, wavu unayeyushwa kwa vimeng'enya mpaka kondrosaiti zinabaki huru, na seli hizo zinalishwa na kuachwa zizaliane kwa siku 14 hadi 21. Mgonjwa anarudi. Safari hii goti linafunguliwa, shimo linasafishwa mpaka kufikia kingo zenye gegedu zima, kisha daktari anabandua kipande cha utando unaofunika mfupa wa muundi, anakikata kwa kipimo cha shimo, na kukishona kuzunguka ukingo kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, akiacha upenyo mmoja. Kupitia upenyo huo seli zilizokuzwa zinadungwa chini ya utando, na upenyo unafungwa. Yanayofuata hufanyika gizani, ndani ya goti, kwa miezi mingi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Wagonjwa walikuwa 23, wa umri wa miaka 14 hadi 48, wenye mashimo ya sentimita za mraba 1.6 hadi 6.5. Kati ya 16 waliotibiwa kwenye mfupa wa paja, 14 walipata matokeo mazuri au mazuri sana. Kati ya 7 waliotibiwa kwenye pia ya goti, ni 2 tu. Vipande vilivyochukuliwa baadaye na kutazamwa kwa hadubini vilionyesha kwamba 11 kati ya 15 vya mfupa wa paja vilifanana na gegedu halisi, na kwenye pia ya goti kimoja kati ya 7. Nazipenda namba hizi kwa sababu hazikuficha upande ulioshindwa. Zinatufundisha pia kwamba seli peke yake haitoshi. Mahali ilipowekwa, na jinsi mifupa inavyosuguana hapo kila mtu anapokunja goti, vina sauti kubwa. Daktari anayepandikiza seli kwenye goti lenye matege, au lenye kano iliyokatika isiyorekebishwa, anazipeleka seli hizo kwenye mateso yaleyale yaliyoliua gegedu la kwanza.

Msomaji angetarajia kwamba tangu hapo kutoboa mfupa kungekwisha. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni utafiti mmoja wa Norway ambao kila mtu wa fani hii anapaswa kuujua. Wagonjwa 80 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapandikizwa seli zao na nusu wakatobolewa mfupa tu. Baada ya miaka miwili waliopandikizwa seli hawakuwa na hali bora kuliko wenzao. Wakafuatiliwa kwa muda mrefu, na katika matokeo ya miaka 15, yaliyochapishwa mwaka 2016, matibabu yalikuwa yameshindwa kwa watu 17 waliopandikizwa seli na 13 waliotobolewa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kati ya wale ambao matibabu yao hayakushindwa, karibu nusu katika kila kundi walikuwa na dalili za mwanzo za kusagika kwenye picha ya eksirei. Hata hivyo, waliofanikiwa katika makundi yote mawili walikuwa na hali bora kuliko walivyoanza, miaka 15 baadaye. Kwa maoni yangu huo ni ushindi wa kuheshimiwa kwa kijana aliyeambiwa kwamba goti lake limekwisha, ingawa ni ushindi tofauti na ule wa kwenye matangazo.

Njia yenyewe imeendelea kubadilika. Ule utando wa mfupa ulikuwa ukiota kupita kiasi na kuwarudisha wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji, kwa hiyo ukaachwa. Leo mara nyingi seli huoteshwa juu ya kitambaa cha kolajeni itokanayo na nguruwe, jambo ambalo mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema ili aulize wanazuoni wake kabla ya kulazwa. Kitambaa hicho, kiitwacho MACI, hubeba seli kati ya laki tano na milioni moja kwa kila sentimita ya mraba. Daktari hukikata kwa umbo la shimo na kukibandika kwa gundi ya fibrini, protini inayogandisha damu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiidhinisha mwezi Desemba 2016. Kabla ya hapo kilijaribiwa kwa wagonjwa 144 wenye mashimo ya sentimita 3 za mraba au zaidi, kikilinganishwa na kutoboa mfupa. Baada ya miaka miwili waliowekewa kitambaa waliripoti maumivu machache na utendaji bora wa goti kuliko wenzao. Lakini tishu iliyojaza shimo, ilipotazamwa kwa MRI na kwa hadubini, haikutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya makundi hayo mawili. Hata katika tiba hii iliyo bora, basi, nafuu ya mgonjwa na uzuri wa gegedu ni vitu viwili ambavyo havifuatani kwa mstari ulionyooka.

Nchini Uingereza, taasisi ya NICE inayoishauri serikali kuhusu matibabu ilikubali mwaka 2017 kwamba upandikizaji wa seli ulipiwe na hospitali za umma, kwa masharti: shimo lizidi sentimita 2 za mraba, goti liwe halijawahi kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha gegedu, kusagika kwa kiungo kwa ujumla kuwe kidogo mno, na kazi ifanyike katika kituo cha rufaa. Namwomba msomaji ayarudie masharti hayo kwa makini, kwa maana ndani yake mna picha kamili ya mtu anayefaa. Ni mtu mwenye shimo lenye kingo, ndani ya goti ambalo sehemu nyingine zote ni nzima.

Kati ya yote yanayoendelea sasa, linalonipa matumaini zaidi linatoka Basel, Uswisi, na linaanzia puani. Timu ya Ivan Martin ilitambua kwamba seli za gegedu la ukuta unaotenganisha matundu ya pua zina uwezo mkubwa wa kuzaliana na kujenga, hata za mtu mwenye umri, na zikiwekwa gotini hujizoesha mazingira mapya. Kwa ganzi ya mahali hapo tu huchukuliwa kipande cha milimita 6, seli zinakuzwa, kisha zinaachwa kwenye kitambaa zijenge gegedu lao lenyewe kabla ya kupandikizwa, mpaka kinapatikana kipande cha milimita 30 kwa 40 chenye unene wa milimita 2. Wagonjwa 10 wa kwanza waliripotiwa mwaka 2016, hasa ili kuthibitisha usalama. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya wagonjwa takriban 100 kutoka nchi nne, yakionyesha kwamba waliowekewa kipande kilichoachwa kikomae zaidi maabara walifanya vizuri kuliko waliowekewa kichanga. Mantiki yake inaniridhisha: badala ya kuzitupa seli gotini na kuzitarajia zijenge huku zikikanyagwa, zinapewa muda wa kujenga nyumba yao kwanza.

Sasa nirudi kwa yule mama wa makamo anayeogopa kisu. Goti lake halina shimo moja. Gegedu limepungua kila upande, mfupa umeanza kuota miiba pembeni, utando wa ndani umevimba, misuli ya paja imelegea. Hapo hakuna ukingo wa kushonea wala kubandikia, kwa hiyo tiba zote nilizozieleza hadi hapa hazimhusu, na wataalamu waliozibuni ndio wa kwanza kusema hivyo. Kinachouzwa kwake ni sindano: ama ya PRP, yaani plazma ya damu yake mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine mpaka chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikajikusanya, ama ya seli shina kutoka uboho, mafuta ya tumbo au kitovu cha mtoto mchanga.

PRP ilipimwa vizuri nchini Australia kwa watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliokuwa na kusagika kwa kiasi kidogo au cha kati. Nusu walichomwa PRP mara tatu, wiki kwa wiki, na nusu wakachomwa maji ya chumvi bila kujua. Baada ya miezi 12, katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliochomwa PRP walikuwa wameshuka kwa 2.1 na wa maji ya chumvi kwa 1.8, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Gegedu lilikuwa limepungua kwa asilimia 1.4 kwa waliopata PRP na 1.2 kwa waliopata maji ya chumvi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021, na nauomba ukumbukwe kila mara mtu anaposimulia kwamba jirani yake alichomwa akapona. Jirani hasemi uongo. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, mtu huenda kuchomwa siku yakiwa kileleni, na kuhudumiwa kwa makini ni dawa yenye nguvu yake. Vyote hivyo vikijumlishwa, hata maji ya chumvi yanaondoa karibu alama mbili.

Kwa upande wa seli, Marekani ililinganisha aina tatu, za uboho, za mafuta na za kitovu, dhidi ya sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo hospitali nyingi hapa wanayo. Wagonjwa walikuwa takriban 475, na majibu yalitoka mwaka 2023: baada ya mwaka mmoja hakuna aina yoyote iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu, na MRI haikuonyesha gegedu lililoota. Kuna dawa moja tu ambayo takwimu zake zilinifanya nikae wima. Inaitwa sprifamini, na imetengenezwa kutokana na protini ya mwili inayochochea ukuaji. Ilijaribiwa kwa watu 549, na katika miaka miwili waliochomwa dozi ya juu kila baada ya miezi sita waliongezeka gegedu kwa wastani wa milimita 0.05, wakati waliochomwa isiyo dawa walipungua kwa milimita 0.02. Gegedu liliongezeka kweli, kwa kipimo. Maumivu yao, hata hivyo, hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo kuna sindano zinazotuliza bila kuotesha, na kuna moja iliyootesha kidogo bila kutuliza. Inayofanya yote mawili kwa goti lililosagika bado haijathibitishwa, na anayekuuzia kwa jina hilo leo anatangulia mbele ya ushahidi.

Hatari yenyewe pia si ya kufikirika. Mwaka 2017 mamlaka za Korea Kusini ziliidhinisha sindano ya goti iitwayo Invossa, iliyosemekana kuwa na kondrosaiti, sehemu yake zikiwa zimebadilishwa vinasaba. Ilipita katika majaribio na kwenye meza za wakaguzi, watu zaidi ya 3,000 wakachomwa. Mwaka 2019 ikagundulika kwamba zile seli zilizobadilishwa hazikuwa za gegedu kamwe. Zilikuwa za ukoo wa seli za figo zinazotumika maabara. Idhini ikafutwa. Ikiwa jambo hilo liliweza kupita katika nchi yenye maabara na wakaguzi wa kiwango hicho, mgonjwa ana kila sababu ya kuuliza kwa upole lakini kwa uthabiti, kabla ya kutoa mguu wake: seli hizi zimetoka wapi, nani amezikuza, nani amethibitisha kwamba ndizo, na mamlaka gani ya dawa imeziidhinisha kwa goti.

Mama mmoja aliniuliza akiwa amekaa kitandani, goti limewekwa mto chini yake: "Mwanangu, niambie ukweli tu. Nikichoma hiyo sindano nitarudi kusujudu chini?" Nilimjibu, "Mama, huenda ikakupunguzia maumivu kwa muda. Lakini gegedu halitarudi, na kusujudu kunategemea zaidi mapaja yako kuliko sindano." Akacheka, kisha akaniuliza tunaanza lini. Kazi niliyompa ni ile ninayowapa wengi wenye goti la namna yake: kuinuka kwenye kiti bila kushika, polepole, huku misuli ya paja ikifanya kazi yote, kutembea kwenye mchanga mgumu wa pwani maji yakiwa yamekupwa, na kupunguza uzito, kwa sababu imepimwa kwamba kila kilo moja inayoondoka mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Hakuna kati ya hayo kinachootesha gegedu, na sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba kinaotesha. Kinatuliza, kinaimarisha, hakina mpaka wa muda, na ikifika siku goti bandia likahitajika, mgonjwa aliyejenga misuli huamka kitandani mapema kuliko asiyejenga.

Kijana wa mpira namwambia habari nyingine. Namsihi asikimbilie sindano, aende kwa daktari bingwa wa mifupa, apate MRI nzuri, aulize shimo lina ukubwa gani na liko wapi, kano zake na meniskasi zikoje, na mguu umenyooka au una matege. Akionekana anafaa kupandikizwa seli, ajue kwamba hata katika nchi tajiri hufanywa na vituo vichache, kwa kuwa seli za mtu haziwezi kukuzwa mahali penye vumbi au umeme wa kukatikakatika, na gharama yake ni kubwa. Ajue pia kwamba upasuaji ni mwanzo tu. Kwa kawaida atatembea kwa magongo wiki sita au zaidi, goti litakunjwa na kunyooshwa kwa mashine au kwa mkono mara nyingi kila siku ili seli zipate mwendo bila mzigo, na mpira wa kugombania atauona tena baada ya mwaka mmoja, pengine zaidi. Anayerudi uwanjani mwezi wa nne kwa sababu maumivu yamekwisha anaikanyaga tishu ambayo bado ni laini, na kwa kuwa gegedu halina neva, hakuna kitakachomwonya.

Wengi hulazimika kwenda India au mbali zaidi kwa matibabu haya, kisha hurudi kwetu kwa mazoezi, na hapo kuna jambo moja dogo ambalo familia husahau kulidai. Kabla ya kuondoka hospitalini, ombeni ripoti ya upasuaji kwa maandishi, pamoja na picha, na maelekezo ya daktari kuhusu uzito na mkunjo unaoruhusiwa wiki kwa wiki. Shimo lililotibiwa kwenye mfupa wa paja na lile la kwenye pia ya goti hayalindwi kwa namna moja: la kwanza huogopa kukanyagiwa, na la pili mara nyingi huruhusiwa kukanyagiwa mguu ukiwa umenyooshwa ndani ya kifungio, lakini huogopa kukunjwa chini ya mzigo. Mgonjwa anayekuja na karatasi hiyo namwanzishia kazi siku hiyohiyo. Asiye nayo nalazimika kumlinda dhidi ya kila kitu kwa pamoja, na wiki zinazopotea kwa kubahatisha ni zilezile ambazo goti lake lilihitaji mwendo kuliko wakati mwingine wowote.